Bwana Yangu wa Wiki Sita

Asubuhi ile, kwenye kituo cha afya cha kijiji chetu, pale juu kidogo ya barabara itokayo mjini Baraka kwenda Mboko, tulikuwapo watu hawa. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo jirani yangu, ambaye tumeimba naye sauti ya pili katika kwaya ya bamama tangu meno yetu yote yakiwa bado mdomoni. Alikuwapo binti yake mkubwa, tumbo limeshuka, anapumua kama mtu aliyepanda milima ya Minembwe kwa miguu. Alikuwapo mkunga, ambaye ni mtoto wa dada ya marehemu mume wangu, kwa hiyo akinikasirikia lazima anikasirikie kwa heshima. Alikuwapo titulere, ndiye mwuguzi mkuu wa kituo, baba wa watoto wanane. Alikuwapo mama mmoja mkimbizi wa Burundi, mtoto mchanga mgongoni. Yeye si ndugu ya mtu yeyote pale, lakini shamba lake la mihogo limepakana na langu, na kwetu huo ni undugu. Baadaye alifika munganga msimamizi, yaani daktari, juu ya pikipiki.

Na alikuwapo bwana yangu.

Bwana yangu alikuwa na miaka ishirini na sita. Msishtuke. Mume niliyefunga naye ndoa kanisani nilimzika kitambo, na kama angekuwapo angecheka kuliko wote. Huyu wa pili nililetewa na kituo cha afya kwa wiki sita, pamoja na sanduku lenye magurudumu.

Majina yao wote ninayo, hata jina la jogoo mtakayekutana naye mbele. Lakini niliwaahidi kwamba sitayaandika, maana wote wanapita mbele ya mlango wangu na baadhi yao wana ndimi ndefu kuliko yangu.

Basi nianze na sanduku. Mtu anayeshuka kwenye pikipiki kijijini kwetu na sanduku la magurudumu hajui anapokwenda. Njia ya kuja kwangu ni mawe na mizizi ya mihogo. Alilivuta hatua kumi, gurudumu la kwanza likabaki nyuma. Alirudi akaliokota, akalitia mfukoni, akaendelea kuvuta. Gurudumu la pili likafuata. Alipofika mlangoni kwangu alikuwa amelibeba sanduku kichwani kama sisi wote, na mfuko wa suruali umevimba.

Titulere alikuwa ameniambia mapema. "Mama, kuna mwanafunzi stajiere anatoka Bukavu, anasoma uganga wa hospitali. Kituo hakina chumba. We uko na chumba." Nilikubali. Nyumba yenye mtu mmoja inakuwa kimya mpaka unaanza kujibizana na sufuria.

Nikatoka kumpokea. Nikampokea kama bibi yeyote wa kwetu anavyompokea kijana anayekuja kulala chini ya paa lake.

"Karibu, bwana yangu! Umekawia. Umeletea bibi yako nini?"

Yule kijana alisimama na sanduku lake kichwani. Macho yalimtoka.

"Mama, samahani," akasema polepole. "Mi nimekuya tu juu ya staji."

"Staji ya ndoa?"

"Hapana, mama! Ya uganga."

Kwetu kila bibi ni mke wa wajukuu wake wa kiume, na kila babu ni mume wa wajukuu wake wa kike. Mtoto anajifunza utani huo kabla hajajifunza kufunga vifungo. Mjukuu akikataa kukuletea kuni unamwambia, "Leo nakuacha, naolewa na mwingine," na yeye analia au anacheka kufuatana na umri wake. Lakini huyu, baadaye alinieleza, bibi zake wote wawili walikufa kabla hajazaliwa. Amekulia mjini, mtoto wa pekee wa mama mjane. Hakuna mtu aliyewahi kumtania hivyo. Asubuhi yake nilipokwenda kumwita anywe chai nilisukuma mlango ukakataa kufunguka. Alikuwa ameegemeza kiti kwa ndani, na juu ya kiti ameweka sanduku, na juu ya sanduku vitabu vyake vyote.

Nilicheka mpaka jirani yangu akaja kuuliza kama nimepata habari za kifo au za harusi.

Siku ile ile, tukiwa tunachambua sombe, majani ya mihogo, uani, alinifungulia kaye yake ya staji, daftari la mafunzo. Nilimwambia macho yangu hayasomi vizuri, na darasa la tatu nililoishia halikufundisha Kifaransa kingi. Akanisomea.

"Mama, kila mwanafunzi wa uganga lazima apitie kijijini. Wiki sita. Bila hii kaye kujaa, hakuna kumaliza masomo. Sasa ona huu ukurasa. Mistari kumi. Kila mwanamke nitakayemzalisha, mkunga anasimama karibu yangu na anaweka sahihi mstari mmoja. Msimamizi atakuya Jumatano ya wiki ya sita. Akikuta hata mstari mmoja mtupu, narudia mwaka muzima."

"Na mama yako?"

"Mama ameisha kuambia parokia yote kwamba mwakani mutoto wake ni munganga."

Hapo nikaelewa uzito. Mtu anaweza kurudia mwaka. Parokia haiwezi kuambiwa irudishe sifa.

"Na ukurasa huu wa mwisho?"

Alicheka kidogo, mara ya kwanza. "Huo wa hiari. Banauliza kama ukimaliza masomo ungependa kurudia kijijini kufanya kazi mwaka mmoja, kwa kupenda kwako. Nitaandika hapana. Kwa herufi kubwa."

Hakuficha. Hilo nililipenda.

Wiki ya kwanza hakupata hata mstari mmoja. Ya pili, hivyo hivyo. Na si kwamba wanawake wa kwetu waliacha kuzaa, watoto waliendelea kuja kama ndagala wavuni siku ya mavuno. Tatizo lilikuwa yeye. Mama mjamzito anapanda kilima anashika kiuno, anafika kwenye kona ya kituo, anaona kijana amesimama mlangoni na koti jeupe lililopigwa pasi, mikono nyuma, anatabasamu. Uchungu unakatika pale pale. Mmoja aligeuka akasema amekuja kumsindikiza dada yake, na dada hakuwapo. Mwingine alikaa kwenye benchi, akaulizwa anaumwa nini, akasema jino. Akarudi kuzaa jikoni kwa mama yake.

Titulere ni mwanaume pia, lakini titulere ana watoto wanane, ndevu zimeingia mvi, na mke wake tunamjua. Yeye ni kama ukuta wa kituo. Kijana asiye na mke wala mtoto, asimame mahali pale? Hapana.

Nilimsikia mkunga akimwambia mlangoni, "Mi siwezi kukusaidia. Kalamu yangu haizai. Ukizalisha, nasaini. Usipozalisha, kalamu inalala."

Alirudi nyumbani siku hiyo akala ugali matonge mawili tu. Mtu wa umri ule akila matonge mawili, mambo ni mabaya.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuchota maji bombani. Hapo ndipo bunge letu. Niliwakuta wanaongea habari zake.

"Mi nizae mbele ya mutoto wa juzi?" mmoja alikuwa anasema. "Hata haijui tumbo inaumaka namna gani."

"Kijana hana muke!" mwingine akadakia. "Ataangalia nini pale?"

Nikatua ndoo yangu. "Nani alisema hana muke?"

Waligeuka. Wakanitazama.

"Mi naulizia tu. Nani alisema hana muke? Ule anayelala mu nyumba yangu, anakula sombe yangu, ni nani wangu?"

"Koko," akasema mmoja, "si unamuitaka bwana yako?"

Koko ndivyo tunavyowaita babu na bibi, wote wawili. Kijiji kizima kinaniita koko, hata wale ambao sikuwahi kuwabeba.

"Basi. Kama mi ni koko yako, na ule ni bwana yangu, ule ni nani yako?"

Waliangaliana. Unajua kile kicheko kinachoanzia tumboni, mtu anakizuia na mkono? Kilianza kwa yule mama mkimbizi, mama wa Kirundi. Wakati huo alikuwa bado na mimba, ya nne, siku zimetimia, amekaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa.

"Ni koko yetu," akasema. "Kwetu tungesema sogokuru."

"Na koko anaogopwa ku uzazi?"

"Koko gani anaogopwa! Koko aliisha kuona yote."

"Kuona yote na ile uso bila ndevu?" akauliza yule wa kwanza, lakini naye alikuwa anacheka.

Mama wa Kirundi hakungoja wiki ipite. Siku ya tatu, jua likiwa juu, alifika kwenye kituo, akampita mkunga, akamwendea kijana pale mlangoni na kumwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Sogokuru, nimekuya. Nishike mukono, mi na weye tuingie."

Kijana alimwangalia mkunga. Mkunga aliangalia paa. Wakaingia.

Mtoto alikuwa msichana. Bwana yangu alitoka akaketi kwenye ngazi, jasho linamtiririka, glavu bado mikononi, akasahau kuzivua mpaka kuku walipoanza kumkaribia. Kisha akafungua kaye, akatazama mstari wa kwanza wenye sahihi, akaifunga, akaifungua tena.

Mama wa Kirundi ndiye aliyenitangazia biashara bombani. "Mikono yake ni baridi," alisema, "lakini ni koko muzuri. Anaombaka ruhusa hata ya kupumua."

Kuanzia hapo walikuja. Lakini kuwa koko si kazi ya bure, na hapo ndipo sote tulipomfurahia. Alipotembea haraka, wanawake walimfokea: koko hakimbii. Titulere, ambaye nilidhani hajui kucheka, alimletea fimbo ya kutembelea, na bwana yangu akaibeba kwa adabu siku nzima kabla ya kujua kwamba anachezewa. Watoto walimzuia njiani wakimwambia, "Koko, tupe hadithi," naye hakujua hadithi, akawafundisha kunawa mikono kwa sabuni, wakamwambia hiyo si hadithi. Na mtoto akizaliwa, koko lazima ambariki kwa kumtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Weee! Mwanafunzi wa uganga, kutema mate kwa mtoto wa saa moja! Alisimama, akafikiri, kisha akavaa ile barakoa yake, akainama, akapuliza "pfu" kavu kupitia kitambaa. Wanawake walijadiliana siku mbili kama baraka inapita kwenye kitambaa. Tulikubaliana inapita, ila inachelewa.

Wiki ya tano mistari saba ilikuwa imejaa. Ya sita ilipoanza, minane. Siku moja kabla ya Jumatano, tisa.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Yeye ana mabinti wawili. Mkubwa ameolewa, ndiye aliyekuwa na mimba. Mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi, hajaolewa, na mama yake anaona kila mwaka unaopita kama mtu aliyemwibia. Jumapili ya kwanza kijana alipoingia kanisani na koti jeupe mkononi, jirani yangu aliacha kuimba katikati ya wimbo. Nilimsikia kabisa. Sauti ya pili ilikuwa mimi peke yangu.

Baada ya ibada alinishika mkono. "Ule ni mukwe wangu," akanong'ona.

"Umemuuliza?"

"Mutu anauliza mukwe? Mukwe anaonekana."

Binti hakuulizwa. Kijana hakuulizwa. Lakini jirani yangu ni mwanamke wa heshima, na akishaamua kwamba mtu ni mkwe wake, anafuata taratibu. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapishani njiani. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali wakitazamana. Mama akimwona mkwe anakuja, anaacha njia. Basi tangu Jumapili ile, kila alipomwona bwana yangu, alijifunika kichwa na kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, akaingia shambani kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu.

Akatuma kwangu jogoo mwekundu kwa mkono wa mtu mwingine, jogoo amefungwa miguu. "Ya nani?" akauliza kijana. Nikamwambia ya mtu mwema. Tukamla.

Hapo kosa ni langu na ninalikiri. Ningeweza kumweleza bwana yangu kwa maneno mawili. Sikumweleza. Maana yeye alikuwa na kazi nyingine katika kaye ile: kupita nyumba kwa nyumba kuongea na watu juu ya chanjo, vyandarua na kuzalia kituoni. Na kila alipofika kwa jirani yangu alikuta mlango wazi, chungu kinachemka, mwenye nyumba hayupo, na mihogo nyuma ya nyumba inatikisika.

"Mama," aliniambia jioni moja, uso umejaa huruma, "kuna jirani yako anaogopa sana bahudumu ba afya. Leo nimemufuata mpaka mu shamba. Nimemwita, 'Mama, usiogope, ni makaratasi tu!' Amekimbia. Mutu wa umri ule! Karibu avuke muto."

Nilikuwa nameza chai. Ilipita puani.

"Mufuate tu," nikamwambia. "Usichoke."

Akamfuata mara nne. Akaandika habari zake ukurasa mzima katika kaye.

Jumatano ikafika, na hapo ndipo nilipoanzia. Binti mkubwa wa jirani yangu alishikwa na uchungu asubuhi, tukampandisha kilimani sisi wawili, mimi mkono huu, mama yake mkono ule. Mama wa Kirundi alikuwa amekuja kumpima mtoto wake. Mstari mmoja ulikuwa mtupu, na msimamizi alikuwa tayari ametoka Baraka, titulere alikuwa amepata simu yake.

Kwetu binti akizaa, mama yake ndiye anayekaa nyuma yake akimshika mgongo. Si mkunga, si dada. Mama. Basi tukafika mlangoni, na mlangoni amesimama nani? Bwana yangu, koti jeupe, glavu tayari, na furaha ambayo mtu hawezi kuificha.

Jirani yangu alimwachia binti yake mkono, akavuta kikwembe usoni, akakimbilia nyuma ya tanki la maji ya mvua.

Binti akabaki ananing'inia kwangu. "Mama!" akapiga kelele. "Mama, unaenda wapi?"

"Siwezi kuingia!" ikajibu sauti kutoka nyuma ya tanki. "Mukwe iko mule!"

Kijana alinigeukia. "Mukwe gani?"

Basi ikabidi nimweleze, pale pale, na mtu mwenye uchungu amening'inia begani mwangu. Nilieleza haraka. Kikwembe, mashamba, jogoo mwekundu. Niliona jinsi alivyokumbuka mihogo inayotikisika, moja baada ya nyingine.

Sijui nilitegemea afanye nini. Mstari wake wa mwisho ulikuwa unapumua mbele yake. Angeweza kusema, kituo ni kituo, mambo ya ukwe myamalize nyumbani. Titulere angemuunga mkono. Lakini yeye alivua glavu, moja, halafu ya pili.

"Mama yake aingie," akasema. "Mi nitabaki inje. Binti asikose mama yake juu ya kaye."

Akaenda kukaa kwenye ngazi, mahali pale pale alipokaa siku ya mstari wa kwanza.

Mkunga, ambaye kalamu yake haizai, alijikuna shavu akatazama pembeni. Mimi nilimkabidhi binti kwake, nikaenda nyuma ya tanki.

Jirani yangu alikuwa amechuchumaa kama anayejificha mvua.

"Umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia. Ona namna ananiheshimu! Nilikuambia ule ni mukwe."

"Mukwe wa nani? Umemupa binti gani? Ule mwalimu wako, umemuuliza hata siku moja?"

"Nitamuuliza."

"Na huyu anayezaa leo? Akizaa hapa bila ule kijana, kijana anarudia mwaka. Mama yake atafichaka uso wapi mu parokia?"

Akashika ncha ya kikwembe. Yeye pia ni wa kwaya, anajua parokia.

"Mukwe munganga, koko," akasema kwa sauti ndogo. "Unajua mi nimengojea miaka ngapi mukwe mwenye hashikake jembe?"

Jibu lilitoka dirishani, la binti yake, na kijiji kizima kililisikia.

"Mama! Kama unataka mukwe, kuya uzae weye!"

Mama wa Kirundi aliangua kicheko mpaka mtoto mgongoni akaamka. Jirani yangu alisimama. Alitoa kikwembe kichwani, akakikung'uta, akakifunga kiunoni kwa nguvu kama mtu anayekwenda kulima. Kisha akatembea katikati ya uwanja, bila kuacha njia, mpaka kwenye ngazi. Akasimama mbele ya kijana. Akamtazama usoni, macho kwa macho, jambo ambalo mama mkwe hafanyi mpaka kufa. Akanyoosha mkono.

"Jambo, koko," akasema.

Sisi tunaojua tuliona alichokifanya. Alikuwa amemtupa mkwe munganga mbele ya mashahidi, na mkono ukishashikwa haurudishwi. Mama wa Kirundi akapiga kigelegele. Kijana aliuangalia ule mkono, akainuka, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Jambo, mama. Pole na mashamba."

"Vaa bile bitu byako bya mikono, tuingie. Mutoto hangojee salamu."

Wakaingia wawili, na mimi nikabaki nje kwenye dirisha, maana titulere alisema chumba kimejaa, ingawa naamini alitaka tu nafasi ya kusimama mle ndani yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, mwenye hasira. Kijana akapuliza "pfu" yake kavu. Nilisikia jirani yangu akisema, "Rudilia, ile haikufika." Akarudia.

Mkunga alikuwa anaweka sahihi mstari wa kumi tuliposikia pikipiki. Msimamizi alishuka amejaa vumbi mpaka kwenye kope, munganga mkubwa, mnene kiasi, mtu asiyependa kupotezewa muda.

"Stajiere iko wapi?"

"Koko iko mu chumba," akajibu mama wa Kirundi.

"Sitafuti mugonjwa. Natafuta stajiere."

"Njo ule mwenyewe. Koko."

Msimamizi akatazama ndani, akitafuta mzee. Akamwona kijana wake ameshika ile fimbo ya titulere kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Hakuuliza. Aliketi kwenye benchi, akaomba kaye, akaanza kugeuza kurasa. Mistari kumi aliipitishia kidole, mmoja mmoja, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Bwana yangu akaachia pumzi ambayo nadhani aliishika tangu Bukavu.

Kisha msimamizi akafika kwenye ukurasa mwingine, akakunja uso.

"Hapa umeandika juu ya mama mumoja. Jirani. 'Anakimbia bahudumu ba afya kila anapobaona. Anajificha mu mihogo. Hofu kubwa, sababu haijulikani. Anahitaji kufuatiliwa.'" Akainua macho. "Huyu mama iko wapi? Amefuatiliwa?"

Mkunga akafunika kalamu yake. Titulere akaanza kutazama dari. Jirani yangu akajitokeza na mjukuu wake mikononi.

"Njo mimi, munganga," akasema. "Nimeisha kupona."

Msimamizi alimtazama, akamtazama kijana, akaandika neno moja pembeni mwa ukurasa. Mkunga aliniambia baadaye kwamba aliandika "vizuri sana". Maskini, alifikiri ni kazi ya makaratasi ya chanjo.

Akafika ukurasa wa mwisho. "Huu wa hiari hujajaza. Utarudia kijijini mwaka mumoja, ndiyo ao hapana?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeambiwa tangu siku ya sombe, herufi kubwa. Kijana akachukua kalamu. Halafu akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza katika wiki sita akanijibu utani wangu.

"Bibi yangu atasemaje?" akauliza. "Nikirudia, nitakuta bado iko, ao ameisha kuolewa?"

Moyo wangu uliruka kama wa msichana. "Ukichelewa, titulere iko," nikasema. "Hata yeye iko na ndevu."

Akacheka, akainama, akaandika. Aliandika kwa Kifaransa, maneno mengi kuliko "hapana", na herufi zilikuwa ndogo. Msimamizi alisoma, akapiga muhuri, akasema wanafunzi wengine humkimbia kwenye swali hilo kama yule mama wa mihogo.

Tulifikiri yameisha. Tulikuwa tunashuka kilima, mimi na jirani yangu, naye akihesabu kitu kwa vidole. Katikati ya mteremko akasimama.

"Koko," akaniambia. "Binti yangu mwalimu anakuita koko, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ule kijana ni koko yake."

"Ndiyo. Umesahau? Umemushika mukono mbele ya batu."

"Sijasahau." Akaanza kutabasamu, lile tabasamu ninalolijua tangu ujana wetu na ambalo halijawahi kuniletea jema. "Na koko mwanaume, anaitaka bajukuu bake babinti namna gani?"

Nilisimama. Nikashika kichwa. Jibu kila mtoto wa kwetu analijua: anawaita bibi zake, yaani wake zake.

"Mwambie atakaporudia," jirani yangu akasema, akianza kutembea tena, mwepesi kama msichana, "kwamba iko na bibi wa pili. Na we, jiandae kugawa sombe."

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kama ulikuwapo kituoni siku ile, au ulikuwa barabarani ukasikia kupitia dirisha, na unaona nimekosea mahali, pita kwangu mchana uniambie, nitafuta na kuandika upya. Huenda jogoo hakuwa mwekundu, alikuwa na madoadoa. Huenda gurudumu la pili halikutoka njiani bali mlangoni. Hata hesabu ya mara alizomfuata kwenye mihogo, mwenyewe anasema ni tatu na jirani yangu anasema ni sita. Ila nani alikuwa mke wa kwanza, hapo sijakosea, na jirani yangu asije.